Fedha ya vinyweleo inapogoma: dalili na vyanzo, kwenye chupa ya rangi na kwenye elektrodi

Kuitengeneza fedha yenye vinyweleo si kazi ngumu. Unachukua aloi ya fedha na alumini, au ya fedha na zinki, unaitumbukiza kwenye asidi au alkali mpaka ile metali nyingine iyeyuke, na kinachobaki ni sifongo la fedha lenye vijia vya makumi hadi mamia ya nanomita. Wapo wanaopandisha fedha kwa umeme huku mapovu ya haidrojeni yakiacha mashimo nyuma yake, na wapo wanaoanza na kloraidi ya fedha na kuirudisha kuwa metali. Ugumu huja siku ya kupima, iwe unaijaribu kama kichocheo cha kuondoa rangi majini kwa kutumia sodiamu borohaidraidi, au kama elektrodi ya kihisi. Rangi haipotei, au inapotea upesi kuliko akili inavyokubali. Elektrodi inatoa vilele usivyovitarajia. Sampuli iliyofanya kazi vizuri wiki iliyopita, leo imelala.

Wengi hapo hukimbilia kutengeneza sampuli mpya. Mimi ningeyakagua kwanza maji, kisha kloraidi, kisha majaribio ya kulinganishia. Hitilafu nyingi zinazosingiziwa vinyweleo zinatoka huko.

Kabla ya kuilaumu sampuli

Weka tone la naitreti ya fedha kwenye maji unayotumia kuoshea na kutengenezea miyeyusho. Yakiingia ukungu, yana kloraidi, na hayafai kwa kazi hii. Kloraidi ya fedha haiyeyuki kwa urahisi (zao lake la umumunyifu ni 1.8 × 10⁻¹⁰), kwa hiyo ayoni kidogo tu zinatosha kujenga utando juu ya uso uliouhangaikia. Jaribio hili halioni kila kitu, ila maji yanayoshindwa hapa yatakusumbua kwingine kote.

Usiogope rangi ya sampuli. Fedha ya vinyweleo huwa ya kijivu, kahawia au hata nyeusi tii kwa sababu mwanga ukiingia kwenye vijia hautoki kirahisi. Weusi pekee si ushahidi wa salfaidi. Ukitaka uhakika, pima pembe ambazo sampuli hurudishia eksirei: fedha safi hutoa vilele karibu na digrii 38.1, 44.3, 64.4 na 77.4 kwa mionzi ya shaba. Ukiona kingine karibu na 32.2, pamoja na 27.8 na 46.2, hiyo ni kloraidi ya fedha. Oksaidi ya fedha ni mjanja zaidi: kilele chake kimoja hukaa palepale penye 38.1 na kujificha chini ya kile cha fedha, kwa hiyo itafute karibu na 32.8.

Halafu kuna tarakimu ya eneo la uso. Fedha ni nzito, gramu 10.49 kwa kila sentimita ya ujazo. Kama nyuzi za sifongo lako zina kipenyo cha nanomita 50, hesabu ya kawaida ya mcheduara inakupa takriban mita za mraba 7 hadi 8 kwa gramu. Kifaa, ambacho hukadiria eneo kwa gesi inayoshika uso, kikikupa 60, ama nyuzi si za nanomita 50, ama umepima kiasi kidogo mno na kifaa kimekisia. Kwa sampuli yenye eneo dogo, tumia kriptoni badala ya naitrojeni.

Dalili: rangi haipotei, au inachelewa kuanza kupotea

Mshukiwa wa kwanza ni sodiamu borohaidraidi, kwa sababu hiyo ndiyo inayotoa elektroni. Fedha inazipokea na kuzikabidhi tu. Ndani ya maji borohaidraidi hujiharibu yenyewe, na kasi yake hutegemea pH. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, pH ikiwa 8, nusu yake hutoweka kabla ya dakika kuisha. Kwenye pH 10 nusu hiyo huchukua kama saa moja, na kwenye pH 12 huchukua siku kadhaa. Myeyusho uliotengenezwa asubuhi na kutumika alasiri si myeyusho uleule. Utengeneze wakati wa kuutumia, kwa maji baridi, na ukilazimika kuuhifadhi kwa saa chache weka sodiamu haidroksaidi kidogo. Unga wenyewe nao hunyonya unyevu: ukiganda mabonge, fungua chupa nyingine.

Ikiwa rangi inakaa kimya dakika kadhaa kisha inaanza kushuka ghafla, hicho ni kipindi cha kusubiri, wala si kosa la kifaa. Oksijeni iliyoyeyuka majini inairudisha rangi kila inapopewa elektroni, na pia kuna utando mwembamba wa oksaidi juu ya fedha ambao lazima uondolewe kwanza. Pitisha naitrojeni ndani ya miyeyusho yote miwili kwa dakika 15 au 20 kisha urudie. Kipindi kikifupika, umeshapata chanzo. Kisipofupika, uso umefunikwa na kitu kingine.

Kitu hicho mara nyingi ni mabaki ya utengenezaji. Ulitumia PVP, polima ya kawaida ya kazi hiyo, kuzuia chembe zisigandane? Imekaa juu ya fedha na haiondoki kwa kusuuza mara moja. CTAB, aina ya sabuni, ni mbaya zaidi, maana ina bromaidi, na bromaidi ya fedha haiyeyuki hata kuliko kloraidi. Osha kwa ethanoli ya uvuguvugu kisha maji, mara kadhaa, ukitenganisha kwa sentrifuji. Usijaribu kuchoma mabaki hayo kwenye tanuri: kabla hayajaisha, vinyweleo vitakuwa vimeshajifunga.

Kuna pia suala la ukubwa wa kipande. Bonge la milimita mbili lina vinyweleo vingi sana, lakini molekuli za rangi hazifiki katikati kabla ya jaribio kuisha, kwa hiyo linalofanya kazi ni ganda la nje. Livunje vipande vidogo au lilaze liwe bamba jembamba, kisha ongeza kasi ya kukoroga. Kasi ya mmenyuko ikipanda kila unapokoroga zaidi, unachopima ni usafiri wa molekuli, si uwezo wa fedha.

Na rangi ya methili oranji ikibadilika kuwa nyekundu, usianze kuandika matokeo. Chini ya pH 3.1 huwa nyekundu na juu ya 4.4 huwa ya manjano. Kilele chake cha kufyonza mwanga, cha nanomita 464, huhamia karibu na 507 kwenye asidi. Asidi iliyobaki ndani ya vinyweleo baada ya kuyeyusha aloi inatosha kuleta mchezo huo.

Dalili: rangi inapotea vizuri kupita kiasi

Hii ndiyo hitilafu inayopita bila kukaguliwa, kwa kuwa inafurahisha. Rangi kutoonekana na rangi kuharibiwa ni mambo mawili.

Chukua methilini buluu, inayopendwa kuliko zote. Ikipewa elektroni hugeuka umbo lisilo na rangi, linalofyonza mwanga karibu na nanomita 256. Molekuli ipo palepale, nzima. Maliza jaribio, chuja fedha, subiri borohaidraidi iishe, kisha tikisa chupa ikiwa na hewa. Buluu ikirudi, hukuharibu kitu. Unaweza kusema kichocheo chako kinahamisha elektroni vizuri, na hilo ni dai halali, lakini usiandike kwamba umesafisha maji. Kwa dai hilo unahitaji kupima kaboni ya kikaboni iliyobaki, au mahitaji ya oksijeni ya kikemikali.

Rangi za azo, kama methili oranji, zina mtego mwingine. Kifungo cha naitrojeni mbili kikikatwa, rangi haitarudi ukitikisa, ila zinabaki amini za aromatiki zisizo na rangi, na baadhi ya amini za namna hiyo ni sumu kuliko rangi yenyewe. Chora wigo wote kuanzia nanomita 200, usikodolee macho kilele kimoja. Kilele cha 464 kikishuka huku kingine kikipanda karibu na 250, unaona vipande vikizaliwa.

Baada ya hapo jiulize kama rangi haikujificha tu. Sifongo hunyonya, na methilini buluu ina chaji chanya inayoipenda fedha, kioo, plastiki na karibu kila kitu. Koroga rangi pamoja na fedha gizani, bila borohaidraidi, kwa nusu saa, na upime. Kisha itoe fedha, ioshe kwa ethanoli, na uangalie kama ethanoli imekuwa ya buluu. Majaribio ya kulinganishia ninayoyahesabu kuwa ya lazima ni haya: rangi peke yake, rangi na fedha, rangi na borohaidraidi, kisha vyote vitatu. Anayeleta la mwisho tu hajaleta kitu.

Chombo cha pili, cha rangi na fedha bila borohaidraidi, kinafichua pia mabaki ya aloi. Zinki au alumini iliyonasa katikati ya nyuzi ni mtoaji hodari wa elektroni kuliko fedha yenyewe. Rangi ikishuka hapo bila kuonekana kwenye ethanoli ya kuoshea, pima elementi kwa kifaa cha eksirei cha hadubini ya elektroni. Dalili nyingine: raundi ya kwanza ina kasi ya ajabu, ya pili ni ya kawaida, ya tatu ni ya kawaida. Metali nyingine ilikuwa inaliwa.

Wanaotumia mwanga waongeze chombo kimoja cha rangi chini ya taa bila fedha, maana rangi nyingi hupauka zenyewe. Tena fedha tupu ni metali, si semikondakta. Ukiona nguvu kubwa chini ya mwanga, chunguza kama hujabakisha kloraidi au oksaidi ya fedha. Mara nyingi hizo ndizo zinazofanya kazi, na kloraidi hugeuka kuwa fedha kadiri mwanga unavyoipiga, kwa hiyo kichocheo unachokiita kimoja kinabadilika mbele ya macho yako. Kwa rodamini B, tazama kama kilele cha 554 kinashuka mahali pake au kinateleza kuelekea 498. Kuteleza kunamaanisha vikundi vya ethili vinang'olewa kimoja kimoja huku kiini cha molekuli kikibaki.

Jambo la mwisho hapa ni la 4-nitrofenoli, ambayo nayo hutumika kupimia vichocheo. Ukiiongezea borohaidraidi, kilele chake kinatoka 317 na kwenda 400, na hicho ndicho unachokifuata kikishuka. Bahati mbaya chembe ndogo za fedha zinazoelea nazo hufyonza karibu na 400. Kilele kisichofika sifuri hata ungoje vipi huenda si nitrofenoli iliyobaki. Huenda ni fedha iliyomeguka. Sukuma myeyusho kwa nguvu kwenye sentrifuji upime tena.

Dalili: mstari wa kasi unapinda

Mchoro wa ln(A₀/A) dhidi ya muda, A₀ ikiwa ufyonzaji wa mwanga wa mwanzo na A wa wakati huo, unatakiwa unyooke iwapo borohaidraidi ni nyingi mno kuliko rangi. Ukipinda mwishoni, ongeza borohaidraidi au itengeneze upya. Ukipinda mwanzoni, angalia ufyonzaji wa kuanzia: ukiwa 2 au zaidi, spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, haioni sawasawa. Methilini buluu ya mikromoli 10 kwa lita, kwenye kuveti ya sentimita moja, hukupa takriban 0.7 hadi 0.8, na hapo ni pazuri. Ikikolea zaidi molekuli hushikamana mbili mbili na bega la karibu na 612 hukua kuliko kilele cha 664.

Nukta zinazoruka juu na chini ni mapovu ya haidrojeni. Soma pia kwenye nanomita 800, ambako rangi haifyonzi, uitoe thamani hiyo kwenye usomaji wako.

Dalili: raundi ya pili ni dhaifu

Borati, mabaki ya borohaidraidi, hubaki kwenye vijia. Maji ya uvuguvugu huziondoa. Unga hupotea kila unapochuja, kwa hiyo pima uzito kila raundi kabla ya kusema kichocheo kimechoka. Kama si hayo mawili, vinyweleo vinakua.

Atomi za fedha hutembea juu ya uso wake hata katika joto la chumba. Nyuzi nyembamba hunenepa, vijia vidogo humezwa na vikubwa, na eneo linapungua bila gramu moja kupotea. Kloraidi huharakisha mwendo huo. Ndiyo maana sampuli iliyoachwa usiku kucha kwenye asidi haidrokloriki huwa na nyuzi nene kuliko iliyotolewa mapema. Joto nalo ni adui. Na ukiikausha moja kwa moja kutoka kwenye maji, mvutano wa uso wa maji unaweza kuvuta kuta zikaangukiana. Badilisha maji kwa ethanoli hatua kwa hatua, au gandisha na kukausha kwa ombwe. Mimi nisingeikausha kabisa kama inarudi kwenye maji kesho yake.

Dalili: vilele vya ajabu kwenye elektrodi

Umeweka fedha juu ya kaboni ya kioo, umeingiza kwenye bafa ya fosfeti (myeyusho unaoshikilia pH), na bila kuongeza chochote unaona jozi kali ya vilele karibu na +0.1 V dhidi ya Ag/AgCl, yaani elektrodi rejea ya fedha na kloraidi yake. Soma kibandiko cha bafa. Ile inayotumiwa kwa seli hai ina kloraidi ya sodiamu ya milimoli 137 kwa lita, na unachokiona ni fedha ikigeuka kloraidi na kurudi. Tengeneza bafa ya fosfeti isiyo na chumvi hiyo.

Vilele vikipungua lakini visiishe, elektrodi rejea yako inavuja. Ndani yake kuna kloraidi ya potasiamu iliyokolea, na kila saa inayopita inatia kidogo kwenye chombo. Tumia rejea yenye viungio viwili, cha nje kikiwa na naitreti ya potasiamu, au rejea ya zebaki na salfeti yake. Namna ya kuthibitisha ni rahisi: kilele cha kloraidi huhama takriban milivolti 59 kuelekea chanya kila ukolezi wake unapopungua mara kumi. Ongeza kloraidi makusudi. Kikihama kuelekea hasi kwa kiasi hicho, umemkamata.

Usipime elektrodi ya fedha kwa ferisianaidi ya potasiamu, hata kama kila mtu anaitumia kwa kaboni na dhahabu. Hujenga chumvi zisizoyeyuka juu ya fedha, nawe utasoma umbo la utando huo ukidhani ni umbo la elektrodi. Ruthenamu yenye heksaamini haina ugomvi na fedha.

Dalili: mkondo ni mkubwa, ishara hakuna

Hapa ndipo matarajio ya vinyweleo huvunjika, na nadhani panahitaji maelezo zaidi.

Uso mkubwa hubeba chaji kubwa. Mkondo wa kuchaji uso hupanda sambamba na eneo halisi, kwa hiyo mchoro wako unanenepa hata bila kemikali unayoitafuta. Ishara haipandi hivyo. Katika sekunde moja, molekuli hukusanywa kutoka umbali wa makumi ya mikromita, ilhali utando wako una unene wa mikromita tano, na kilichomo ndani ya vijia huliwa katika milisekunde kama kumi na mbili hivi. Baada ya hapo elektrodi inalishwa kupitia mlango wake wa mbele, yaani eneo la kijiometri. Kwa mmenyuko wa haraka, kuzidisha vinyweleo mara kumi hakukupi chochote ila kelele mara kumi.

Vinyweleo vinasaidia mmenyuko wa polepole, ambao tatizo lake ni uso na si usafiri. Ule wa kuipa haidrojeni peroksaidi elektroni juu ya fedha ni wa aina hiyo. Kwa hiyo kama kihisi chako hakishindi kipande cha fedha bapa, jiulize kwanza kama mmenyuko ulioutegemea ni wa haraka tayari. Ukiwa hivyo, utando mwembamba zaidi utakufaa kuliko mnene. Tumia kupima kwa volti isiyobadilika badala ya kupandisha na kushusha, ili mkondo wa kuchaji uishe kabla ya kusoma.

Kwa sababu hiyohiyo, usitafute eneo halisi kwa mlinganyo wa Randles–Ševčík, unaokadiria eneo kutokana na urefu wa kilele. Utakupa eneo la kijiometri, kisha utaandika kwamba vinyweleo havifanyi kazi. Tumia kupandisha tabaka moja la risasi juu ya fedha kabla ya volti yake ya kawaida, au uwezo wa kubeba chaji ukilinganisha na fedha bapa. Vilele vinavyosogea kuelekea volti nafuu navyo vitiliwe shaka: myeyusho ulionaswa ndani ya vijia unaweza kuleta sura hiyo bila uchochezi wowote mpya. Badilisha kasi ya kupandisha volti. Kilele kikikua sambamba na kasi, ni kilichonaswa au kilichoshika uso. Kikikua sambamba na kipeuo cha pili cha kasi, kinatoka nje.

Dalili: usomaji wa peroksaidi unateleza

Fedha huivunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni hata bila umeme. Ukoleze kidogo tu utaona mapovu. Oksijeni hiyo nayo hupokea elektroni kwenye volti hasi unazotumia, hivyo mkondo wako ni mchanganyiko. Pitisha naitrojeni kabla, iache juu ya myeyusho wakati wa kupima, shusha ukolezi, na fupisha muda wa kungoja. Hakikisha pia chupa ya asili haijapoteza nguvu: peroksaidi ya milimoli 10 kwa lita inatakiwa ifyonze takriban 0.44 kwenye nanomita 240.

Ishara ikizimika ghafla kwenye sampuli halisi ilhali ilikuwa nzuri kwenye bafa, tafuta salfa: sisteini, protini, salfaidi. Hushika fedha na haviachii. Punguza sampuli kwa bafa, au weka utando wa Nafion, polima inayopitisha ayoni chanya, juu, lakini uwe mwembamba. Ukizidi unaziba vijia ulivyovitengeneza. Na utando ukibanduka, ng'arisha kaboni kwa alumina ya mikromita 0.3 kisha 0.05, tia kidogo wino wenye fedha yako, na uukaushe polepole chini ya kifuniko ili usijikusanye ukingoni.

Kuhusu mabaki

Usimwage myeyusho wa fedha kwenye sinki. Ongeza chumvi ya mezani, acha kloraidi itue, chuja, na uikusanye. Borohaidraidi iliyobaki iongezewe asidi dhaifu polepole chini ya kofia ya kuvuta hewa, mbali na moto, kwa kuwa inatoa haidrojeni. Ukiwa umesafisha kloraidi kwa amonia, tia asidi kwenye maji hayo siku hiyohiyo. Myeyusho wa fedha na amonia ukiachwa kukaa hujenga kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu.